The Last of Us: ushike padi kwanza au uangalie sirizi kwanza?

Kila sirizi iliyotokana na geemu ikivuma hapa mjini swali linakuwa lile lile, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye mwendokasi ya jioni, kwa jamaa anayekuingizia muvi kwenye flashi: nianze na ipi? Na majibu yenyewe ni ya ushabiki tu, mwenye PS atakwambia geemu, asiye na PS atakwambia sirizi, kila mtu anavutia kwake. Mi The Last of Us nimeimaliza pande zote mbili na jibu langu natoa mapema usije ukasoma mpaka chini ndo unilaani: kama una njia yoyote ya kuipata, anza na geemu. Ila hilo ni la The Last of Us peke yake. Ukinipeleka kwenye Fallout, sirizi nyingine ya geemu, nageuza maneno, na Arcane, ile ya katuni, ndo kabisa.

Kwa ambao hamjui lolote. Geemu ilitoka 2013 kwenye PS3, wameitengeneza Naughty Dog wa Marekani, 2014 ikaja PS4, 2022 wakaijenga upya kwa ajili ya PS5 wakaiita Part I, na 2023 ikaingia kwenye kompyuta. Sirizi ya HBO imeanza Januari 2023, msimu wa kwanza una episodi 9 na huo msimu mmoja umebeba geemu nzima ya kwanza. Stori ni fangasi anaitwa cordyceps, wale jamii yake ambao kwenye maisha ya kweli wanaingia kwa sisimizi na kuwaendesha, sasa huyu kahamia kwa binadamu, dunia imeanguka, na miaka ishirini baadaye jamaa wa makamo anaitwa Joel anapewa kazi ya kumvusha binti wa miaka 14, Ellie, ambaye kang'atwa na hajageuka. Basi, safari ya watu wawili kutoka Boston kwenda magharibi, ndo stori nzima hiyo. Na sirizi haijaandikwa na wageni, Neil Druckmann aliyeandika geemu yumo, akishirikiana na Craig Mazin yule wa sirizi ya Chernobyl, kwa hiyo usidhani ni kama zile muvi za geemu za zamani ambapo mtu kanunua jina tu halafu ndani kaweka mambo yake.

Mwanzo, sirizi inashinda. Geemu inakuamsha usiku wewe ni Sarah, mtoto wa Joel, unazunguka ndani unamtafuta baba, nje kuna ving'ora, kidogo tu mko kwenye gari na mji unaungua. Kali sana, sikatai. Lakini sirizi inakupa siku nzima ya Sarah, anaenda shule, anapeleka saa ya baba yake kwa fundi, anakaa na majirani wazee, na kote huko unajua kuna kitu kinakuja ila hukioni. Na kabla ya hapo wanafungua na kipindi cha TV cha mwaka 1968, mwanasayansi anaulizwa anaogopa nini, anasema haogopi virusi, anaogopa fangasi, watu wanacheka, halafu anaeleza kwa utulivu kwamba fangasi kwa sasa hawawezi joto la mwili wa binadamu, ila dunia ikipanda joto kidogo tu watajifunza. Sasa we liangalie hilo ukiwa Dar mwezi wa pili, feni inazungusha hewa ya moto, ukutani ule ukungu wa masika iliyopita bado haujafutwa. Wallahi nilizima nikaenda kunywa maji. Halafu episodi ya pili wanakupeleka Jakarta, wanagundua chanzo kinaelekea kuwa kiwanda cha unga, na baadaye Joel anamwelezea Ellie kwamba watu wanahisi ilisambaa kupitia unga au sukari. Unga wa ngano jamani. Nyumbani kwetu chapati ni kila wikiendi. Kwenye geemu haya yote huyapati hivi, unaona tu vichwa vya magazeti vikigusia mazao yenye maambukizi halafu mnaendelea kukimbia.

Kuanzia hapo geemu inaanza kurudisha magoli.

Kuna hawa wagonjwa wanaitwa Clicker, fangasi kawala uso mzima, hawaoni, wanatumia sauti, wanatoa ule mlio wa kugonga gonga kooni. Kwenye sirizi unakutana nao ndani ya jengo la makumbusho, episodi ya pili, wawili tu, na ile sini ni nzuri mno, nimeshika mto muda wote. Lakini ni sini, inaisha. Kwenye geemu hakuna atakayekumalizia, uko kwenye chumba cha giza, risasi mbili, chupa moja, na kijiti cha padi ukikisukuma kwa nguvu kidogo Joel anapiga hatua kubwa wanakusikia, unakamatwa, unaumwa shingoni, unarudia. Unarudia mpaka unajifunza kusukuma kidole taratibu. Mwoga wa kweli utajijua hapo. Na risasi zenyewe ni za kuokoteza, makabati yote unafungua unakuta mkasi na kitambaa, kwa hiyo kila ukikuta risasi moja unafurahi kama umeokota elfu kumi. Ule ufukara wa risasi ndo unakufanya uingie kwenye akili ya Joel, kwa nini hamsaidii mtu njiani, kwa nini hana huruma, maana na wewe ukifika nusu ya geemu huna huruma.

Joel wa sirizi ni mtu tofauti kidogo, na hapa ndo watu wanabishana bure. Pedro Pascal kamcheza mzee aliyechoka, sikio moja halisikii vizuri, presha inampanda anashika kifua. Wa geemu ni mashine, na lazima awe mashine kwa sababu ni wewe unamwendesha na geemu inahitaji uue watu wengi mno ili kuwe na kazi ya kufanya. Mi wa sirizi namwamini zaidi kama binadamu, wa geemu namwelewa zaidi, sijui kama inaeleweka. Kuhusu Bella Ramsey, wale mliokuwa mnasema hafanani na Ellie wa geemu, episodi ya nane pale na yule mchungaji David inatosha kuwanyamazisha, sina la kuongeza.

Majira ya baridi sasa, na hapa napunguza maelezo kwa ajili ya ambao bado. Joel anaumia vibaya, kwenye geemu anaangukia nondo, kwenye sirizi anachomwa na kipande cha rungu la besiboli. Tofauti sio nondo na rungu, tofauti ni kinachofuata. Geemu inakata, theluji, sungura, mshale, na ghafla padi yako inamwendesha Ellie. Haikwambii kama Joel yu hai. Hakuna maelezo. Unawinda kulungu huku unajiuliza huyu mzee kafa au vipi, na mtoto mwenyewe hana nguvu za Joel, ukishikwa umeshikwa, ile namna ya kupigana uliyozoea geemu nzima haifanyi kazi tena. Sirizi inakuonyesha Joel kalala kwenye godoro tangu mapema, kwa hiyo ule wasiwasi wameuuza bei rahisi. Hapo sirizi imezingua kwa kweli.

Halafu hospitali. Huwezi kulinganisha hizi mbili bila hospitali, nitaongea kwa mafumbo, aliyemaliza ataelewa. Sirizi inaipitisha kwa haraka, muziki umewekwa juu ya milio ya risasi, unakaa pale unamwangalia Joel anavyoamua, unaweza ukamhukumu ukiwa umeshika bakuli la bisi. Geemu inakufikisha kwenye mlango, unaingia, kuna mtu kasimama mbele yako kashika kisu kidogo cha daktari, na geemu inanyamaza. Inakusubiri. Unaweza ukaweka padi chini ukaenda kuoga ukarudi utamkuta kasimama pale pale, haendelei mpaka wewe ubonyeze. Nimeshuhudia washkaji watu wazima wamegoma kubonyeza, wanazunguka chumba wanatafuta njia nyingine, haipo. Na hii ndo sababu yangu kubwa ya kusema geemu kwanza, ukishaona kwenye sirizi nini kinatokea, ukifika pale kwenye geemu unabonyeza tu fasta kama unafungua mlango, ile nguvu yote imepotea na hairudi. Ila ukianza na geemu, sirizi haipotezi kitu, unaiangalia kama mtu aliyekuwepo.

Sio kwamba sirizi haina chake. Ina episodi ya tatu. Kwenye geemu Bill ni mzee mkali anaishi peke yake kwenye mji aliouzungushia mitego, Frank unamkuta kajinyonga na kaacha barua ya matusi, mnachukua gari mnaondoka. Sirizi imeitupa hiyo yote ikaandika upya, Bill na Frank wanapendana, wanazeeka pamoja, wanalima stroberi, na kwa sehemu kubwa ya episodi Joel na Ellie karibu hawapo. Mtu anayecheza geemu hawezi kupewa hiyo kwa sababu geemu haiwezi kutoka mgongoni kwa yule unayemwendesha, unaona anachoona yeye. Nick Offerman na Murray Bartlett wamecheza vile kwamba nilikuja kujiona sina hata hamu ya kuruka kwenda episodi inayofuata. (Tahadhari ya kiswahili swahili: kama unaangalia sebuleni na wazee, ujue ni mapenzi ya wanaume wawili, panga siku yako.) Henry na mdogo wake Sam vile vile, sirizi imemfanya Sam kiziwi na imewapa muda, kwenye geemu wanapita haraka zaidi ingawa kinachowakuta kinauma kote kote.

Geemu nayo ina watu wake ambao sirizi imewapita, na huwezi kuwajua bila kusoma. Kuna jamaa anaitwa Ish, hutamwona hata mara moja, unaokota barua zake tu, ya kwanza kwenye boti lililokwama ufukweni, halafu kwenye mitaro ya maji machafu ambako alianzisha makazi na familia za watu na watoto, unasoma walivyoishi, unakuta michoro ya watoto, halafu unakuta walivyoishia. Sirizi imeweka mchoro ukutani kama salamu kwa waliocheza na ikasonga mbele. Lakini hapa niwe mkweli, barua ni za Kiingereza na maandishi chini ya picha ni ya Kiingereza, hakuna Kiswahili, na nusu ya mazungumzo ya Joel na Ellie yanatokea mkiwa mnatembea na kupanda ngazi kwa hiyo huku unasoma huku unaendesha. Kama Kiingereza chako ni cha kudandia, sirizi inakusaidia kwa nyuso, utaelewa hata ukikosa maneno.

Haya, hela na mazingira, maana ushauri wa mtandaoni mwingi umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki.

Ya kompyuta inataka nafasi ya GB 100 na RAM ya 16. Kuishusha kwa bando la simu sahau, utauza kitanda. Na ilivyotoka pale 2023 ilikuwa na matatizo mengi wakaja kuirekebisha kwa apdeti moja baada ya nyingine, kwa hiyo laptopu ya ofisini isahau pia. Njia ya mtu wa kawaida hapa Dar ni PS4 iliyotumika ya Kariakoo na sidii ya ile ya 2014, ambayo utaipata kwa mtu aliyemaliza anataka kubadilishana, na stori yote imo pamoja na ile nyongeza ya Left Behind. Grafiksi ni za zamani kidogo, hutolala njaa. Hata mwenye PS3 iliyobaki nyumbani ya kwanza kabisa inatosha. Umeme ukikatika katikati sio mwisho wa dunia kwa sababu geemu inajisevu kila baada ya vipande vifupi, ila PS4 ikiwaka tena itakulalamikia hukuizima vizuri na itaanza kukagua storeji yake, usikatize hapo, iache imalize.

Kibandani kwa wale wa kulipia, usijaribu. Pale ni mpira, watu wako nyuma yako wanasubiri zamu, wanakwambia kaka muue basi tuendelee, na sevu yako kesho hutoikuta kuna dogo keshaanza upya juu yake. Hii ni geemu ya saa kama 15 hivi ya mtu mmoja, getoni, usiku, earphone masikioni, gitaa la yule Gustavo Santaolalla wa Argentina likisikika peke yake. Na kama nyumbani TV ni moja basi piga hesabu zako, saa mbili taarifa ya habari, baada ya hapo tamthilia ya Kituruki ya mama, wewe zamu yako inaanza watu wamelala na kesho una daladala ya saa kumi na mbili. Sirizi haina shida hiyo, simu inatosha, unaangalia episodi kwenye foleni ya Ubungo, na unaweza kuangalia na mtu. Mimi na shemeji yenu tumeiangalia pamoja, geemu hakuwahi kukaa dakika kumi. Kwa hiyo kama lengo lako ni kuangalia na mwenzako, potezea kila nilichosema huko juu, chukua sirizi, geemu utaicheza siku ukiachwa.

Kuna njia ya tatu watu wanaipenda, kuangalia mtu anacheza YouTube, zile video ndefu walizounganisha vipande vya stori kama muvi. Mi siipendi. Hubonyezi wewe, halafu huna waigizaji wa HBO, umepata pungufu ya vyote viwili na bando limeenda.

Nilisema Fallout nageuka. Sababu ni kwamba sirizi ya Fallout, iliyoanza Aprili 2024 Prime Video, episodi 8 msimu wa kwanza, haisimulii geemu yoyote. Ni stori mpya ndani ya dunia ile ile, Lucy anatoka kwenye handaki anamtafuta baba yake, na geemu zenyewe zipo tangu 1997, kila moja na watu wake. Kwa hiyo hakuna siri unayoichoma kwa kuanza na sirizi, na kinyume chake sirizi inakufundisha kila kitu ambacho geemu inadhani tayari unakijua, vault ni nini, kwa nini pesa yao ni vizibo vya soda, wale jamaa wa mavazi ya chuma ni kina nani. Ukishamwangalia Walton Goggins akiwa Ghoul unaingia Fallout 4 umeshachangamka, maana bila hivyo ile geemu ni pana mpaka inachosha, mtu anazunguka anaokota makopo anasahau alikuwa anaenda wapi.

Arcane ni fupi: iangalie Netflix, misimu miwili, episodi 9 na 9, 2021 na 2024, wametengeneza studio ya Fortiche ya Paris na sijaona katuni iliyochorwa vile. Hadithi ya madada wawili, Vi na Jinx. Geemu yake League of Legends ni watu watano kwa watano wanapigana kwenye ramani moja, ile stori ya madada hutaikuta ukicheza hata mwaka, utakachokuta ni matusi ya watu usiowajua na intaneti yetu itakufanya uonekane wewe ndo unaharibu timu. Bure ni bure, ila hapana.

Narudi kwenye The Last of Us maana kuna hili la msimu wa pili ambalo ndo naulizwa zaidi siku hizi. Geemu ya pili, Part II, ilitoka 2020, ndefu zaidi na katili zaidi, na msimu wa pili wa sirizi wa Aprili 2025 una episodi 7 tu na haujaimaliza, umeishia njiani, mengine yameachwa kwa msimu wa tatu. Kwa hiyo kwa upande huu hata kulinganisha ni mapema, geemu ni kitu kizima na sirizi ni kipande. Ila kuna moja nalijua tayari. Kuna dada anaitwa Abby ana hasira na Joel. Sirizi inakwambia sababu mapema kabisa, kabla hujamzoea. Geemu inakuficha mpaka umemchukia kwa masaa, halafu inachukua padi yako inakuweka ndani ya mwili wake, wewe ndo Abby sasa, haya endesha. Watu walitukana mtandaoni, wengine wakaizima. Kama msimu wa pili umeshauangalia, ile siri imeshaondoka, lakini kumwendesha mtu unayemchukia bado hujakuonja, na hiyo hakuna episodi itakayokupa, kwa hiyo hata wewe katafute sidii.